Mkono wa Kushoto wa Byukusenge

Emérita alifika kwangu Mpofi kwa pikipiki akitoka Masisi, matope yamempaka mpaka kwenye nyusi, na neno lake la kwanza halikuwa maji wala chakula. Aliuliza, "Mama Kahambu, courant iko?"

Nilicheka. Mpofi na umeme wapi na wapi? Lakini juu ya bati la duka langu nina sahani ya jua, na kijiji kizima huniletea simu kuchaji, pamoja na wale wenye bunduki ambao huchaji bure na hawajui neno asante. Nikamwambia ashuke, aoge, simu yake itashiba kabla yake mwenyewe.

Mama yake ni mkulima wa vilima vya Masisi. Aliniuzia maharagwe miaka mingi, tangu nilipotoka Butembo kuja kufungua duka hapa, na hata vita vilipofunga njia alikuwa akipata namna ya kunitumia gunia. Aliponiomba nimpokee binti yake kwa muda wa stage yake ya ualimu, sikuwa na la kukataa. Emérita alikuwa anamaliza humanités pédagogiques, ile sekondari inayotoa walimu. Kilichobaki ni kufundisha kwa majaribio katika shule yetu ya msingi, na mwalimu wake wa Masisi aje siku moja kukaa nyuma ya darasa, amtazame akitoa somo, ampe pointi. Pointi zikiwa nzuri, anapata diploma. Zikiwa mbaya, anarudi kushika jembe kwa mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na jembe alikuwa analijua vya kutosha.

Jioni ile ile, akila, alinitolea mipango yake. Simu yake ilikuwa kubwa, ya kugusa, kioo kimepasuka pembeni, na ndani amepakia video za masomo kwa sababu réseau ya simu, hapa Mpofi, unapanda mlima kuitafuta.

"Mwalimu wa zamani anajazaka batoto sawa magunia," aliniambia. "Mimi niko nataka batoto benyewe baongoze. Baulize, batafute, bajibizane. Mimi nasimama pembeni. Na pahali vitabu haiko, simu itatusaidia."

"Kusimama pembeni tu? Hata mimi ningekuwa mwalimu," nilimwambia.

Alicheka, lakini aliudhika kidogo. Ni binti wa kuamini mambo, na mtu anayeamini jambo hapendi utani juu yake.

Directeur Hilaire, mkuu wa shule, alimpa darasa la tano. Mwalimu wa darasa lile alikuwa ameenda kuchimba kwenye machimbo ya Walikale, ametuma habari kwamba ni mgonjwa. Watoto walikuwa wengi kuliko benchi: wa Mpofi wenyewe, na wale waliokimbia vijiji vya juu mapigano yalipopita kwetu msimu wa mvua.

Wiki za kwanza nilipita pale mara kadhaa, kwa sababu niko katika kamati ya wazazi, na nasema kweli, mambo yalikuwa mazuri. Kelele zilikuwapo, ndiyo. Watoto walikaa kwa makundi, simu ikizunguka kutoka kundi hadi kundi kwa heshima, imeshikwa kwa mikono miwili. Siku moja waliamua wenyewe kutafuta kwa nini maziwa yanageuka fromage, yaani jibini. Mtoto mmoja wa kutoka Masisi alijua jinsi babu yake anavyofanya, mwingine akapinga, wakabishana asubuhi nzima, na Emérita akasimama pembeni kweli, macho yanamng'aa. Somo la hesabu halikufanyika. Directeur Hilaire alitikisa kichwa mpaka nikamhurumia shingo.

Mtu aliyekuwa anawasha moto huu wa maswali ni msichana mmoja wa waliokimbia, Byukusenge. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, wa sauti nzito, anaishi na nyanya yake na mdogo wake Evode wa miaka mitano, ambaye alimfuata kila mahali. Byukusenge alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono huku ameushikilia kiwiko kwa mkono mwingine, kana kwamba anajua atasubiri sana. Siku moja aliuliza, "Madame, ile simu njo inajua, ao ni muntu mwenye aliweka maneno mu simu njo anajua?"

Ni simu ndiyo inayojua, au ni mtu: Emérita alilibeba swali hilo siku nzima. Alikuja kunisimulia jioni, amefurahi na ameogopa kwa wakati mmoja. "Mama Kahambu, ile mutoto akiniuliza vile mbele ya Monsieur Athanase, nitafanya nini?"

Monsieur Athanase ndiye aliyekuwa anakuja kumpa pointi. Habari ilikuwa imefika kwamba yuko njiani, na hapo ndipo binti yangu wa imani kubwa alipoingiwa na baridi. Kwa siku za kawaida, kumwachia mtoto aongoze ni jambo zuri. Lakini siku ya kupewa diploma au jembe, nani ataiweka roho yake mikononi mwa watoto ambao wanaweza kuanza na hesabu na kuishia kwenye fromage? Basi alifanya tunavyofanya sote huku. Alipika somo.

Kupika somo, kwa asiyejua, ni hivi. Mgeni hajafika, unalifundisha somo zima. Unalirudia. Unachagua nani ataulizwa nini na atajibu nini. Halafu unawaambia: siku ile, nikiuliza swali, wote nyoosheni mikono, darasa lote, asibaki hata mmoja. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono, anasema darasa hili ni moto, na wewe unachagua ya kulia tu. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo Butembo kwa Masista, na nilikuwa mtu wa kushoto mpaka nilipoolewa.

Emérita aliongeza jambo moja la kwake. Hakutaka bahati mbaya. Aliwagawa watoto mapema: kundi la kulia, kundi la kushoto. Jules, mtoto msafi wa katekista, alimweka kulia. Byukusenge alimweka kushoto.

"Weye, siku ile, mukono ya kushoto tu," alimwambia.

"Hata kama najua, Madame?"

"Hata kama unajua."

Haya aliniambia yeye mwenyewe baadaye, zaidi ya mara moja, na kila mara alipofika kwenye maneno hayo matatu ya mwisho aliyarudia. Siku alipoyasema, lakini, hayakumwuma. Alikuwa anafikiria pointi.

Somo alilochagua lilikuwa la mabaki ya vita: vile vyuma vinavyobaki kwenye majani bila kulipuka. Alikuwa na video yake, yenye picha na sheria zake. Usiguse. Rudi kwa njia uliyopitia. Weka alama, mawe au matawi. Mwambie mwalimu au chef wa kijiji. Ilikuwa chaguo zuri, siwezi kumlaumu kwa hilo. Mapigano yalikuwa yamepita Mpofi miezi michache tu nyuma.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo Emérita hakulijua siku ile, nisikufichefiche. Kwenye njia ya chemchemi, chini ya migomba ya shamba lililoachwa, kilikuwepo kimoja. Chuma chenye mkia, kirefu kama chupa ya bia, nusu kimezama kwenye majani makavu. Evode ndiye aliyekiona kwanza, akamwonyesha dada yake. Byukusenge alimwambia nyanya, na nyanya alimfunga mdomo hapo hapo. "Nyamaza. Ukisema, bataulizaka nani aliileta." Na nyanya hakuwa mjinga. Huku kwetu watu wamefungwa kwa kuonyesha kitu kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo mtoto alikaa na siri yake, akichota maji kwa kupita mbali kupitia maharagwe ya watu, mpaka Madame alipoleta ile video. Hapo alijua nani wa kumwambia.

Siku ya somo nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikakaa nyuma na kamati. Monsieur Athanase alikuwa mtu mnene, mpole, bado ana vumbi la njia kwenye masikio. Somo lilikwenda kama maji. Jules alisimama mbele akaongoza, makundi yakapokezana simu, mmoja akaeleza alama, mwingine akaeleza njia ya kurudi. Emérita alisimama pembeni, mikono nyuma, anatabasamu. Kila swali, mikono yote juu. Monsieur Athanase aliandika, akaitikia kwa kichwa, akaandika tena. Nilitamani kucheka, kwa sababu niliona ya kushoto na ya kulia nikakumbuka Masista, lakini nilijizuia.

Karibu na mwisho, mgeni alisema kwa upole, "Madame, waulize jambo la mazingira yao. Kuna aliyeona kitu cha namna hii hapa Mpofi?"

Swali hilo halikuwa limepikwa. Emérita aliliuliza, na watoto, kwa mazoea, wakanyoosha mikono yote. Macho yake yalitafuta ya kulia. Yakampata Jules.

"Hapana, Madame. Hapa kwetu haiko."

"Vizuri sana. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa, mikono ikashuka. Mmoja haukushuka. Ulikuwa wa kushoto, umeshikiliwa kiwiko, na Byukusenge alikuwa ameinuka nusu kwenye benchi. Mimi nilimwona, nikadhani anataka kwenda chooni. Emérita alimwona pia. Alimtazama vizuri, akatikisa kichwa kidogo sana, kama unavyomwambia mtoto mbele ya wageni aache. Halafu akafunga somo.

Kumi na nane juu ya ishirini. Monsieur Athanase alisema hajapata kuona watoto wakiongoza somo vile tangu aanze kazi. Tulikula mbuzi kwa Directeur Hilaire. Byukusenge alikuja akasimama mlangoni, na Emérita, kinywa kimejaa, akamwambia, "Kesho, Byukusenge. Kesho tutaongea." Kesho yake Emérita alimsindikiza mgeni mpaka njia panda, na kesho kutwa alikuwa ameshasahau kwamba kuna mtu wa kuongea naye.

Mtoto akangoja. Halafu, aliposhindwa kungoja, akafanya kile ambacho Emérita alikuwa anakiota tangu ashuke kwenye pikipiki. Alikusanya wenzake sita wa kundi la kushoto, akawaambia. Wakatafuta mawe, wakayapanga kuvuka njia kama kwenye video, wakaweka matawi. Na kwa sababu jiwe halimzuii mtoto mdogo mwenye bidon ya maji, wakagawana zamu. Kila asubuhi, saa ya watu kuchota maji, wawili au watatu walisimama pale na kuwaambia wanawake wapite kwa juu, kuna nyoka. Nyoka anaeleweka, hakuna anayemwuliza mtoto nyoka ameletwa na nani. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Hakuna aliyewapa pointi.

Walichopata ni kuchelewa. Kila siku wawili au watatu walifika shuleni jua limeshapanda, miguu imelowa umande. Na Emérita, baada ya zile kumi na nane, alikuwa amebadilika kidogo. Sifa ni kama pombe ya ndizi, unaanza kuisikia ukisimama. Directeur Hilaire alikuwa amemdokezea kwamba mwalimu wa darasa la tano huenda asirudi, nafasi ipo, lakini nidhamu, Madame, nidhamu. Basi alianza kuwabana wachelewaji. Byukusenge alipofungua mdomo, alimkata.

"Madame, tuko na..."

"Sitaki kusikia visababu. Bote benye munakuyaka nyuma, kesho mapema sana muko hapa na mapanga. Mutakata majani ya kiwanja."

Wote saba. Asubuhi moja. Kwa hiyo asubuhi ile kwenye njia ya chemchemi hakukuwa na zamu. Byukusenge alimwacha Evode pale, akamwambia asimame mbali, kwenye jiwe kubwa, na mtu akija apige kelele. Mtoto wa miaka mitano.

Nilikuwepo. Emérita alikuwa ameacha simu kwangu usiku kucha ipate moto kwenye betri ya duka, nikaona nimpelekee. Wale saba walikuwa kiwanjani wanafyeka majani, wenzao wameshaketi darasani, yeye amesimama mlangoni na chaki mkononi. Nilikuwa nimemnyooshea simu yake nilipoona uso wake umebadilika, nikageuka.

Evode alikuwa anapanda njia kutoka chemchemi. Amekikumbatia kwa mikono miwili kifuani, mkia umetokeza chini ya kidevu. Sweta yake ilikuwa imelowa matope mbele. Alikuwa anatabasamu.

"Madame," alisema, "njo hii. Byukusenge alisema lazima uione."

Nimepita vita vingi na mwili wangu unajua la kufanya: unalala chini. Siku ile sikulala. Emérita alipiga hatua mbili mbele, mikono imenyooka, anataka kumpokonya.

"Madame, simama! Usishike!"

Ilikuwa sauti ya Byukusenge. Aliweka panga chini kwenye majani taratibu, akachuchumaa palepale alipokuwa ili macho yake yawe sawa na ya mdogo wake.

"Evode. Usikuye tena. Simama pale. Unaniona?"

"Nakuona."

"Baby ya jirani yetu Mama Joséphine-Marie, kama inalala ku mugongo yako, unaishushaka namna gani?"

Evode alifikiri. "Polepole."

"Kuitupa?"

"Hapana. Italia."

"Basi na ile, fanya sawa baby. Piga magoti kwanza. Goti moja. Ya pili. Sasa uilaze. Usiangushe kichwa yake."

Alipiga magoti. Alikilaza juu ya majani, mkono mmoja chini ya kichwa cha chuma, kama alivyofundishwa na kila mama wa mtaa ule. Halafu, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, alianza kuvua sweta akifunike.

"Acha, acha. Usifunike. Inasikia joto," alisema dada yake. "Simama. Rudia mu njia yenye ulipita. Polepole. Mimi nazunguka, tutakutana chini."

Alipoanza kurudi, Byukusenge alimgeukia mwalimu wake, ambaye bado alikuwa amesimama na mikono imenyooka hewani.

"Madame, toa batoto kwa nyuma. Mustari moja."

Na Emérita alitii. Aliwatoa kwa dirisha la nyuma mmoja mmoja, bila kelele, mpaka wa mwisho. Mimi niliwapokea kwa nje. Simu yake ilikuwa bado mkononi mwangu, imejaa.

Watu wa kulipua mabomu walikuja kutoka Goma siku kadhaa baadaye, wakapanga magunia ya mchanga, wakatusogeza mbali sana. Mlio uliporudi kutoka milimani, bati la shule lilitetemeka lote. Kiongozi wao aliuliza ni nani aliyepanga yale mawe kwenye njia ya chemchemi, kwamba yamepangwa vizuri. Mbele ya chef, mbele yetu sote, Byukusenge alisema ni wao, na akataja wenzake sita. Emérita alikuwa kando yangu.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza, taratibu.

"Nilinyoosha mukono, Madame."

"Ya kushoto."

"Njo ulisema. Hata kama najua."

Hakusema kwa ubaya. Ungesema anamkumbusha mahali alipoweka funguo. Emérita alishika kitenge changu kwenye kiuno, akakikunja mkononi, hakukiachia mpaka tulipofika nyumbani.

Jambo lililomvunja zaidi ni shukrani. Kijiji kiliposikia kwamba watoto walijua la kufanya kwa sababu ya video ya Madame, wakaanza kuja. Nyanya wa Byukusenge alileta ndizi. Chef alisema kanisani kwamba Madame na simu yake wameokoa Mpofi. Emérita alijaribu kukataa, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyosema, tazama, na mnyenyekevu pia! Mtu mmoja akaleta kuku. Hakumchinja. Alimfunga kwenye mguu wa kitanda, akashindwa kumla na akashindwa kumrudisha, mpaka kuku akaanza kutaga. Nilimwambia, "Angalau huyu anafanya kazi yake bila kujilaumu," na kwa mara ya kwanza hakucheka wala hakuudhika. Alilia tu, ameinamia sahani.

"Nilimupa adhabu, Mama Kahambu. Alikuwa analinda batoto ba watu, mimi nikamutoa pale nikamupa panga."

"Hukujua."

"Hapana. Nilikataa kujua. Nilimuona ile siku. Nilimuona na nikatikisa kichwa."

Nilimwondolea sahani mbele yake. Mtu akisema kweli, kumfariji ni kumdanganya.

Jioni nyingine alikuwa na ile simu mapajani, imezimwa. "Aliniuliza kama simu njo inajua," alisema. "Simu ilijua mambo ya bombe yote. Sheria, picha, kila kitu. Yenye haikujua ni kama bombe iko ku chemchemi yetu. Mwenye alijua ile ni mutoto mumoja tu mu darasa yangu, na ni yeye njo nilifunga mukono. Nilikuwa nasema batoto baongoze. Nilitaka baongoze kwenye nilikuwa nishafika."

Alipanda pikipiki mpaka Masisi, njia ikiwa mbaya na vizuizi vingi, kumwambia Monsieur Athanase amfutie pointi zake. Nilimkataza, akaenda. Alirudi kesho yake na jibu ambalo lilikuwa baya kuliko adhabu. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Madame, na mimi nilipika yangu," alimwambia. "Na mwenye alinipa pointi alipika yake. Nikifuta zako, nianze kufuta wapi?" Halafu akampa chai.

Basi alipata diploma yake. Mwalimu wa machimbo hakurudi, na masomo yalipofunguliwa tena, Directeur Hilaire alimpa Emérita darasa la sita, wale wale watoto wake. Alikuwa ameomba radhi kwa nyanya, kwa chef, kwa Directeur, kwangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. Aliniambia atawapa watoto swali la kwanza walichague wenyewe, na safari hii hatapika chochote, hata wakimaliza mwaka mzima kwenye fromage. Asubuhi nilimsindikiza, nikakaa kwenye ngazi ya nje, kitenge changu kile kile.

Nilimsikia akiwasalimu. Nilimsikia akiuliza ni nani ana swali, swali lolote, la kwake mwenyewe. Benchi zikalia na mikono ikapanda, naiona kwa dirisha, darasa lote, msitu mzima. Isipokuwa ya mtoto mmoja. Byukusenge alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mikono yote miwili imelala juu ya meza, anamtazama mwalimu wake kwa makini kama mtu anayesubiri maelekezo.

"Byukusenge," alisema Emérita, "weye hauna swali?"

"Niko nayo, Madame."

"Basi sababu gani haunyooshi mukono?"

Mtoto alitazama mikono yake, mmoja, halafu mwingine.

"Leo ni ya wapi, Madame?"